Bawabu na Zamu: Majina ya Mlinda Mlango

Kiswahili sanifu humwita mlinda mlango bawabu, neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi mmoja na *bab*, yaani mlango. Nairobi huitwa askari au soja. Mashariki ya Kongo, mlinzi wa langoni ni sentineli, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa, au zamu.

Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa zaidi. Asili yake ni kipindi cha kazi kinachopokezanwa. Kisha kipindi kikageuka kuwa mtu. Ajabu ni kwamba jina ladokeza kupokezana, ilhali aliye peke yake langoni tangu magharibi hadi alfajiri hana wa kumpokea.

Katika mji wa Bunia kazi hiyo ina uzito wa pekee. Vita vya 1999 hadi 2003 viliwatenganisha Walendu na Wahema, na tangu Desemba 2017 maelfu waliokimbia mapigano ya Djugu walitafuta hifadhi mjini humo. Abishaye hodi usiku hupimwa kwanza kwa sauti. Hapo Kiswahili, kwa kuwa si lugha ya upande wowote, humwezesha zamu kuuliza “Nani?” pasipo kuuliza kabila.