Kamera Inapoona Haya

Kijana akija kujifunza kazi kwangu, kabla hajashika kamera namwonyesha kipande kimoja cha Taxi Driver, filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1976. Travis, dereva wa teksi, amesimama kwenye simu ya ukutani akimbembeleza Betsy, mwanamke ambaye hataki tena kumwona. Anauliza kama maua aliyotuma yalifika. Maneno ya Betsy hatuyasikii. Mara kamera inamwacha Travis anaongea, inasogea kulia taratibu na kutulia kwenye korido tupu. Sauti inaendelea kuomba, mwombaji hatumwoni.

Vijana huuliza: mpiga kamera alisinzia? Nawauliza nao: ukiwa kwenye daladala na jirani yako anaomba radhi kwenye simu kwa sauti ya kukatika, unamkodolea macho? Unatazama dirishani. Kamera ya Scorsese imeona haya kwa niaba yetu, na aibu ya Travis inazidi kutuuma.

Mimi hupiga harusi, sendofu, na pale bajeti inaporuhusu, bongo muvi. Mazoea yetu ni kinyume kabisa: mtu akilia, vuta uso ujae kioo, tia kinanda. Uso wa karibu siudharau. Carl Dreyer, Mdenmarki, aliijenga filamu yake ya Jeanne d'Arc ya mwaka 1928 karibu yote kwa nyuso. Ni filamu bubu, na Renée Falconetti hakupakwa vipodozi. Kope ikitetemeka unaiona. Ila Dreyer anatunyima chumba. Ni vigumu hata kujua majaji wameketi upande gani wa mshtakiwa, kwa hiyo hana pa kukimbilia, nasi hatuna. Sisi tunausogelea uso hata mtu anapoagiza soda. Msiba ukifika, tutasogea wapi tena?

Kuhusu pembe, kila mwanafunzi anaijua kanuni: ukipiga kutoka chini mtu anakuwa mkubwa, kutoka juu anakuwa mdogo. Basi atazame Citizen Kane ya Orson Welles, 1941. Kane ameshindwa uchaguzi wa ugavana, rafiki yake Leland amelewa na anamweleza ukweli. Sakafu ilitobolewa ili kamera ikae chini kabisa. Kane anaonekana mrefu kama mnara, na bado ni mtu aliyeanguka: dari limemkalia kichwani, na ukubwa wote ule hauna wa kumtawala.

Halafu kuna ile mbinu inayowapagawisha vijana. Katika Jaws ya Steven Spielberg, 1975, mkuu wa polisi Brody ameketi ufukweni papa anaposhambulia. Kamera inamwendea mbele huku lenzi ikifunguka kuonyesha eneo pana zaidi. Uso haubadiliki sana ukubwa, lakini mandhari ya nyuma yake yanakimbia, na tumbo la mtazamaji linayumba. Alfred Hitchcock alishaitumia katika Vertigo, 1958, kwa mtu anayeogopa urefu. Wote wawili waliitunza kwa hofu.

Wanafunzi wangu wakishaijua wanaitia hata kwenye kukata keki. Bwana harusi anamlisha mkewe, ukumbi mzima nyuma yao unarudi kinyumenyume, na shangazi wanaotazama video wanauliza nani kaanguka.