Si kila kikohozi kisichopona ni kifua kikuu



Katika makanisa yetu wako watu wenye pumu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita asma. Wengi wakipata dawa wanapumua vizuri. Lakini yuko ambaye hali yake inaharibika polepole: anakohoa usiku na mchana, anakonda, na dawa ya kuvuta haimsaidii tena. Ndipo watu wanaanza kunong'ona. Mmoja anasema ni kifua kikuu, mwingine anasema amerogwa. Hata kikombe chake kinatengwa. Kuna sababu nyingine ambayo wachache wanaijua.

Katika hewa tunayovuta mna mbegu ndogo sana za ukungu uitwao aspergilusi. Ukungu huu hukaa katika majani yanayooza, mbolea ya takataka, kuta zenye unyevu, na mahindi au karanga zilizowekwa kabla ya kukauka. Watu wengi wanavuta mbegu hizo bila kuumwa. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu, mwili unapigana nazo kupita kiasi. Huo ndio mzio, yaani aleji. Njia za hewa zinavimba na kujaa makohozi mazito. Waganga wanaita ugonjwa huu ABPA. Hauambukizi: mgonjwa hawezi kumpa mtu mwingine, hata wakila sahani moja.

Dalili za kuangalia kwa mtu mwenye pumu ni hizi:

- pumu inazidi ingawa anatumia dawa vizuri;
- anatoa makohozi mazito yenye vipande vya rangi ya kahawia, wakati mwingine yenye damu;
- anapata homa, anachoka na kukonda;
- picha ya radio ya kifua inaonyesha madoa yanayotoweka, kisha yanatokea mahali pengine;
- ametibiwa kifua kikuu bila vipimo kukithibitisha, wala hakupona.

Dalili hizi zinafanana sana na za kifua kikuu. Kwa hiyo mgonjwa apimwe makohozi kwanza, kwa sababu kifua kikuu kiko kwetu na kinaua. Kama hakionekani, amwulize munganga juu ya ABPA. Kuna kipimo cha damu kiitwacho IgE, na kingine kinachoonyesha kama mwili una aleji ya aspergilusi. Si kila kituo cha afya kina vipimo hivyo. Huenda akatumwa hospitali kubwa. Tena, minyoo nayo inapandisha IgE, basi kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Dawa ziko. Mara nyingi munganga hutoa prednisoloni, au itrakonazoli inayopigana na ukungu. Lakini mtu asizinunue mwenyewe katika duka la dawa. Prednisoloni inapunguza nguvu ya mwili ya kujilinda. Kama kifua kikuu kimejificha, kinaweza kuwaka. Naye anayekaa miaka bila matibabu, njia zake za hewa zinaweza kupanuka na kuharibika, zisirudi tena kama zamani.

Nyumbani tunaweza kusaidia. Mwenye pumu asipewe kazi ya kupukuchua mahindi yenye ukungu, kugeuza mbolea au kufagia ghala. Asilale katika chumba cha magunia. Mavuno yakaushwe vizuri juani kabla ya kuwekwa.

Ndugu zangu, someni Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Kuhani aliitwa kuangalia nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani. Wafasiri wengi wanaona kwamba huo ni ukungu. Hakuhukumu kwa haraka. Aliangalia, akaifunga nyumba siku saba, akarudi kuangalia tena. Sisi tunahukumu kikohozi cha jirani tukiwa bado kwenye benchi la kanisa.

Wachungaji, wazee na mashemasi, tuwaombee wagonjwa, wala tusimwambie mtu aache dawa ili aonyeshe imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Kama katika kanisa lako yuko mwenye pumu anayekohoa bila kupona, usimkimbie. Mtembelee juma hili, mwulize amepimwa nini, na kama nauli ya hospitali imekosekana, kanisa limchangie.

Bwana awape pumzi na amani.