Wanafunzi wa Tahidi High hawakumaliza shule

Kila baada ya muda, magazeti na redio za hapa Nairobi hurudia habari ileile kwa anwani ileile: wako wapi waigizaji wa tamthilia ya Tahidi High? Picha ya zamani huwekwa kando ya picha mpya, sare ya shule upande mmoja na suti upande wa pili, na wasomaji huipokea kama habari za jamaa waliopotea. Sarah Hassan, aliyekuwa Tanya, sasa ni mwigizaji na mtayarishaji wa filamu. Abel Mutua, aliyekuwa Freddie, ameandika na kusimulia hadi akapata hadhira yake mwenyewe. Jackie Matubia, aliyekuwa Jolene, alirejea runingani katika tamthilia ya Zora. Lakini litazame swali lenyewe. Haliulizi Tanya alikwenda wapi baada ya kidato cha nne, wala mwenzake mtundu, OJ, alipata gredi gani katika mtihani wa KCSE, wala kama Freddie aliwahi kumaliza salio la karo akachukua cheti chake. Linauliza kuhusu waigizaji tu. Naamini hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya tamthilia ile: ilitupa shule isiyokwisha, na kwa kuwa wanafunzi wake hawakuaga, tumewafuata waigizaji hadi majumbani mwao tukitafuta mwisho ambao runinga haikutupa.

Kasoro hiyo haifuti uzuri wake. Tahidi High ilirushwa na Citizen, kituo cha Royal Media Services ambacho makao yake yako Maalim Juma Road, Kilimani. Ukitoka Loresho unashuka Waiyaki Way, unakata James Gichuru, na ndani ya muda mfupi, foleni ikikuruhusu, umefika. Loresho yenyewe ni mahali pazuri pa kupimia tamthilia hii. Mtaa huu wa nyua pana na miti mirefu umepakana na Kangemi, na umbali kati ya mitaa hiyo miwili hutembewa kwa miguu kila alfajiri na walinzi, watunza bustani na wafanyakazi wa nyumbani. Ila watoto wa mitaa hiyo hawakutani darasani. Mmoja huchukuliwa langoni na basi la shule ya kibinafsi. Mwingine hutembea kando ya barabara, begi mgongoni, kwenda shule ya umma. Katika Tahidi High walikutana. Msichana wa madaha kama Tanya aliketi darasa moja na Freddie, aliyezungumza Sheng kama mtu aliyezaliwa nayo, na Omosh, mwanafunzi mwenye sura na sauti ya mtu mzima. Kiingereza cha mmoja, Kiswahili cha mwingine na Sheng ya wa tatu vilisikika katika mazungumzo ya dakika moja, na mtazamaji alijua papo hapo nani ametoka wapi bila kuambiwa. Shule yetu halisi hutenganisha watoto kwa karo na kwa mtaa. Ile ya runingani iliwakalisha pamoja, na sebuleni pia tajiri na mfanyakazi wake wangeweza kucheka kwa jambo moja.

Wakati nao ulikuwa wake. Elimu ya msingi ilifanywa bila malipo mwaka wa 2003, na kuanzia 2008 serikali ikaanza kugharamia masomo katika shule za upili za kutwa. Shule ya upili, iliyokuwa lango jembamba, ikawa jambo la karibu kila nyumba. Maelfu ya wazazi walikuwa na mtoto wa kwanza kufika kidato cha kwanza, na hawakujua vizuri mambo yanayotendeka mle ndani: mapenzi ya barua, ubabe wa wanafunzi wakubwa, walimu wenye matatizo yao, hofu ya kuitwa afisini na mzazi wako. Mtu akikuambia leo kwamba hadithi za Tahidi High zilikuwa nyepesi, mkumbushe kwamba kwa nyumba nyingi zilikuwa dirisha la kwanza la kuchungulia bweni na darasa.

Sasa, mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 hupewa miaka minne ya shule ya upili. Tamthilia hii ilidumu kuliko hiyo minne, na mzaha kwamba wanafunzi wake wamekataa kumaliza shule ulizoeleka hadi ukapoteza makali. Chini ya mzaha huo kulikuwa na hasara. Mwanafunzi si mtu mzima aliyeajiriwa, ambaye unaweza kumkuta mahali pale pale mwaka hadi mwaka. Utu wake wote katika hadithi unatokana na ukweli kwamba muda wake unapungua. Utundu wa OJ unatuchekesha kwa sababu tunajua siku ya hesabu inakuja. Ukiiondoa siku hiyo, utundu unakuwa tabia tu, na mhusika anabaki palepale mwandishi alipomwacha wiki iliyopita. Mwigizaji akipata kazi nyingine, mhusika wake hutoweka, darasa likaendelea na masomo. Wapenzi wa tamthilia hii wanakumbuka sura, misemo, mitindo ya nywele na nani alimpenda nani. Kinachokosekana katika kumbukumbu hizo ni siku ya kuagana.

Mfano wa kinyume unatoka mbali, na wapenzi wa katuni za Kijapani wa Nairobi, wale wanaokwenda tamasha la NAICCON wakiwa wamevalia kama wahusika wao, wanaufahamu. Love Live! ilizinduliwa nchini Japani mwaka wa 2010 na kuingia runingani mwaka wa 2013. Ni hadithi ya wasichana tisa wa shule ya Otonokizaka, ambayo inakaribia kufungwa kwa kukosa wanafunzi wapya. Honoka, wa mwaka wa pili, anaamua kuunda kikundi cha kuimba na kucheza ili kuvutia wanafunzi. Kikundi kinaitwa μ's, na shule inaokolewa. Waandishi wavivu wangeishia hapo au wangeendelea hivyo milele, shindano baada ya shindano. Msimu wa pili, wa mwaka wa 2014, ulichagua kuuliza swali gumu zaidi: itakuwaje Nico, Nozomi na Eli watakapohitimu? Wale sita wadogo wanawapeleka baharini na kuwatangazia kwamba wakubwa wakiondoka, kikundi kitavunjwa. Njiani kurudi, wote tisa wanajibana katika kibanda cha kupigia picha kituoni, wanacheka walivyotoka, kisha mmoja baada ya mwingine wanaangua kilio palepale kwenye jukwaa la treni. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyesalitiwa. Ni muda wa shule tu uliokwisha, na tukio hilo dogo ndilo mashabiki hulitaja miaka mingi baadaye wanapozungumza juu ya wasichana wale. Wenyewe waliowapa wahusika sauti walifanya tamasha la kufunga kazi katika ukumbi wa Tokyo Dome tarehe 31 Machi na 1 Aprili 2016, na mwaka wa masomo wa Japani huisha tarehe 31 Machi.

Kuna pingamizi la haki hapa. Wakenya, atasema msomaji, wamezoea kumwita mwigizaji kwa jina la mhusika tangu zamani. Benson Wanjau wa Vitimbi aliishi na kufariki mwaka wa 2015 akiwa Mzee Ojwang. Charles Bukeko alipofariki mwaka wa 2020, taifa lilimlilia Papa Shirandula. Basi kuwafuata akina OJ mitaani ni desturi yetu tu, haihusiani na mwisho wa hadithi. Nakubali kuhusu desturi, lakini sikubali hitimisho. Vitimbi na Papa Shirandula vilikuwa vichekesho vya watu wazima, na vichekesho vya namna hiyo havina saa ukutani. Mzee Ojwang alikuwa mzee siku ya kwanza na alikuwa mzee siku ya mwisho. Hakuna mtihani uliomngoja. Tulipomwita mwigizaji kwa jina lile tulikuwa tunampa heshima ya umri. Kumwita mtu mwenye familia kwa jina la mtoto wa kidato cha tatu ni jambo lingine kabisa, maana tunamrudisha darasani kila tunapomwita.

Madhara yake yalionekana mwanzoni mwa 2021, Joseph Kinuthia, aliyeigiza Omosh, alipojitokeza hadharani kueleza ugumu wa maisha baada ya kazi ya runinga kukauka. Wakenya walimchangia kwa simu, na wengine wakajitokeza kumsaidia kupata makao. Ukarimu huo ulitoka moyoni, na ulikuwa wa kweli. Lakini michango ilitumwa kwa Omosh, na aliyefuatiliwa baada ya hapo alikuwa Omosh. Kila habari yake ilisomwa kama sehemu mpya ya tamthilia: amefanya nini na pesa, amejirekebisha au la, anastahili nafasi nyingine au hastahili. Umma ulichukua kiti cha mwalimu wa nidhamu. Mwanamume huyo alikuwa na haki ya kutazamwa kama fundi wa sanaa aliyemaliza kazi na ambaye kazi yake ilirushwa na kurushwa tena huku malipo yakiwa yamesimama. Mhusika angekuwa ameaga ndani ya hadithi, huenda tungeweza kumtofautisha na mtu aliyembeba.

Pingamizi la pili ni la pesa. Kipindi kinachopendwa hakifungwi. Watangazaji wa biashara wanakingoja, na kituo kinahitaji kujaza ratiba. Wajapani, inasemwa, wana utajiri wa kuchezea miisho. Ukweli ni kwamba Love Live! ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza: jarida, kampuni ya muziki na studio ya katuni zilikaa meza moja kuipanga. Kumaliza hadithi ya μ's hakukuifilisi. Mwaka wa 2016 kikaingia runingani kizazi kingine, Aqours, wa shule ya mji wa Numazu, na hao waandishi waliwapa hatima kali zaidi: wanashinda shindano na shule yao inafungwa hata hivyo. Baada yao wakaja wengine. Shule ina faida ambayo tamthilia ya familia haina, kwamba kila mwaka kuna kidato cha kwanza kipya kinachoingia langoni kimebeba masanduku ya bati na magodoro. Citizen ingewahitimisha akina Tanya kwa heshima na kuanza na wageni bila kupoteza jina wala saa ya kipindi.

Na mwisho wa Kikenya usingehitaji fedha nyingi, kwa kuwa tunao tayari. Kuna siku ya maombi ya watahiniwa, wazazi wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Kuna kurudisha vitabu na kutafuta saini za idara zote kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Kuna wiki za kungoja waziri asimame kutangaza matokeo, na kwa miaka mingi kulikuwa na ule ujumbe mfupi wa kutuma kwa 22252 na dakika za kukodolea simu macho. Kuna cheti kilichozuiliwa afisini kwa sababu ya karo, ingawa Sheria ya KNEC ya 2012 inakataza shule kukizuia. Mwandishi yeyote aliyesoma hapa angeweza kuandika sehemu tatu kwa cheti hicho peke yake.

Ndiyo maana sioni kuwa muda umepita. Phil Karanja, aliyeigiza PJ, na Abel Mutua wana kampuni yao ya filamu na wameshaonyesha kwa Click Click Bang, ya mwaka wa 2022, kwamba wanaweza kubeba kazi nzito. Sarah Hassan anajua kazi mbele na nyuma ya kamera. Tahidi High ilikuwa shule ya 8-4-4, na mfumo huo unaondoka: mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, Gredi ya 10 ya kwanza ya mfumo mpya ikapangiwa Januari 2026, na kundi la mwisho la KCSE ya zamani ni la 2027. Sehemu moja ya kuaga, ya saa moja tu, ikirushwa kabla ya mtihani huo, ingetazamwa na watoto walio kidato cha nne pamoja na wazazi wao waliolelewa na OJ na Tanya. Ikingoja hadi 2028, Kenya haitakuwa na kidato cha nne hata kimoja.