Jangwa Hunywa Usiku

Saa nane mchana, pembezoni mwa jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, hakuna kinachosogea isipokuwa upepo. Chumvi iliyobaki pale ziwa la kale lilipokauka inameremeta hadi macho yanauma. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Mgeni apitaye saa hiyo huondoka akiamini ameona nchi iliyokufa, kumbe amekosea saa tu. Viumbe wa jangwa hupanga maisha yao kwa hesabu ya usiku.

Tuanze na ngamia, maana ndiye anayesingiziwa zaidi. Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba nundu yake ni tangi la maji. Nundu ni mafuta, akiba ya chakula. Maji huyatunza kwa kulivumilia joto. Mwili wa binadamu ukipanda nyuzi mbili tu tunasema ana homa. Ngamia mwenye kiu huianza siku akiwa na nyuzi 34 hivi, akauacha mwili upande taratibu hadi kufikia 40 na zaidi kabla ya kutoka jasho la maana. Aliyelipima jambo hili ni mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen, katika Sahara ya Algeria, miaka ya 1950. Kwa mnyama wa kilo 500, nyuzi sita hizo ni zaidi ya lita 4 za maji ambayo hayakumwagika kwa jasho. Joto lililolimbikizwa hulirudisha angani usiku, bila kupoteza tone. Akinyweshwa kila siku, joto lake hupanda na kushuka nyuzi mbili hivi tu: hubana matumizi pale inapobidi.

Na Wagabra wanaochunga Chalbi wakimfikisha kisimani baada ya siku nyingi za kiu, ngamia anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Maji mengi ya ghafla namna hiyo yangepasua chembe nyekundu za damu za wanyama wengi. Za ngamia zina umbo la yai, nazo huweza kuvimba zaidi ya mara mbili zisipasuke.

Ngamia, hata hivyo, ana mchungaji wa kumpeleka kisimani. Choroa hana. Swala huyu mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka alichunguzwa nchini Kenya katika miaka ya 1960 na mwanafiziolojia mwingine, C. Richard Taylor, aliyemkuta akistahimili joto la mwili la nyuzi 45 kwa saa kadhaa. Ubongo usingeweza kulihimili joto hilo. Lakini chini ya ubongo wake damu hupita katika wavu wa mishipa myembamba, ukiwa umezungukwa na damu nyingine iliyopozwa puani kwa kila pumzi, hivyo hufika juu ikiwa imepoa. Na ubongo uliopoa hauamrishi jasho mapema, kwa hiyo maji huokolewa tena.

Bado kuna swali: maji yenyewe anayatoa wapi, na mito imekauka? Jibu la Taylor ndilo linalonivutia kuliko yote. Miongoni mwa malisho ya choroa kuna kichaka cha jamii ya Disperma. Lishike jani lake mchana na litasagika vidoleni kama ugoro. Maji yaliyomo ni kama asilimia 1. Usiku hewa inapopoa na unyevu wake kupanda, jani hilo kavu hufanya kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni siku za masika: linavuta maji hewani. Kabla ya alfajiri huweza kufikia asilimia 40 hivi. Taylor alitoa hoja kwamba choroa akilisha usiku wa manane anaweza kupata kwenye majani sehemu kubwa ya maji anayohitaji. Kichaka ni kilekile, lakini anayekila adhuhuri anatafuna vumbi.

Mimea mingine hutumia usiku kwa namna yake. Jani huvuta hewa ukaa kupitia vitundu vinavyoitwa stomata, na kila vinapofunguka, maji hutoroka. Mshubiri na shina la mnyaa huvifunga mchana na kuvifungua usiku. Hewa inayoingia hugeuzwa asidi na kuhifadhiwa, kisha jua likichomoza hutumika kutengeneza sukari milango ikiwa imefungwa. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne aliionja asidi hiyo nchini India. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1815, kwamba jani la mmea mmoja lilikuwa kali asubuhi na halina ladha adhuhuri. (Usijaribu kwa mnyaa: utomvu wake huchoma, na ukiingia machoni unaweza kupofusha.) Nanasi hufanya vivyo hivyo, na mkonge pia, ule uliofika Tanga mwaka 1893 ukiwa na asili ya Mexico.

Hii ndiyo sababu tunapozungumzia ongezeko la joto duniani, mimi huuliza kwanza kuhusu usiku. Usiku usipopoa, jani la Disperma hupambazuka likiwa na maji machache. Naye ngamia mwenye kiu anayeianza siku akiwa na nyuzi 37 badala ya 34 amekwisha kupoteza nusu ya nafasi yake, na jasho ambalo lingeanza alasiri litaanza kabla ya adhuhuri.