Lipu ya saruji na unyevu unaofungiwa ndani ya kuta za Mji Mkongwe

Kila baada ya mvua za masika, zinazonyesha baina ya Machi na Mei, na tena baada ya vuli, wakaazi wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huona jambo lile lile likijirudia majumbani mwao na katika ofisi zilizomo ndani ya majengo ya zamani. Rangi hufura na kufanya malengelenge, lipu humong'onyoka, unga mweupe wa chumvi hujitokeza ukutani, na harufu ya ukungu hushika nguo makabatini na mafaili kwenye rafu. Aghlabu huitwa fundi, sehemu mbovu ikabanduliwa, ikapigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Ukuta hupendeza kwa msimu mmoja au miwili. Kisha unyevu hutokeza tena, na safari hii huwa juu zaidi ya pale ulipokuwa mwanzo.

Inafaa ifahamike kuwa kosa hapo si la fundi kufanya kazi mbovu. Hata saruji iliyopigwa kwa ustadi mkubwa huleta matokeo hayo hayo, kwa sababu imewekwa juu ya ukuta usiokuwa wake.

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Unene wake ni takriban nusu mita, na katika majumba makubwa huzidi hapo. Mawe hayo yana vitundu vingi, na chokaa nayo ni hivyo hivyo. Ukuta wa namna hii haukukusudiwa kuyazuia maji yasiingie kabisa. Hunywa mvua inayoupiga, na hufyonza maji ya ardhini kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta, kwa kuwa chini yake hamna tabaka la kuzuia unyevu. Halafu jua na upepo vinapokuja, maji hayo hutoka nje kidogo kidogo kwa njia ya mvuke. Waashi wa zamani waliupaka ukuta chokaa, nje na ndani, na kuirudia kila ilipochakaa, nao ukaendelea kupumua.

Saruji ina tabia nyingine. Ni ngumu, imeshikana, na mvuke hupita ndani yake kwa tabu. Ukuta wa mawe na chokaa hucheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku, ilhali saruji haiwezi kuufuata, hivyo hupasuka. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa hizo nyembamba bila ya shida, lakini hayana uso mpana wa kutokea. Yale yanayopanda kutoka ardhini nayo hukosa njia, yakazidi kupanda mpaka yafike pale saruji inapokoma. Ndiyo sababu ukuta uliopigwa saruji hadi urefu wa mtu huonekana kuharibika juu ya kichwa chake.

Walioishi katika nchi za baridi kama Uingereza wamepata kuyaona madirisha ya vioo viwili vilivyozibwa pembeni, na hewa kavu ikiwa katikati. Muhuri wa pembeni ukichoka, unyevu hupenya na kutanda katikati ya vioo, na mwenye nyumba hufuta mbele na nyuma bila ya faida, kwa kuwa maji yamo pasipofikiwa na kitambaa. Kupaka rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu uliofungiwa ndani ni kazi ya aina hiyo.

Maji hayo pia hubeba chumvi, ya ardhini, ya upepo wa bahari, na mara nyingine ya mchanga wa pwani uliotumiwa bila ya kuoshwa. Yanapokauka, chumvi hubaki ndani ya vitundu, ikafanya chembe ngumu zinazokua na kuisukuma lipu mpaka ikaachana na jiwe.

Hata hivyo khatari kubwa haimo katika rangi wala lipu. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingizwa ndani ya kuta. Urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vingi vya Mji Mkongwe visizidi sana mita 3 kwa upana. Boriti kavu hudumu miaka mingi mno. Lakini ncha yake ikikaa katika ukuta uliolowa usiokauka, huoza na kuwaita mchwa. Aliyemo chumbani huiona boriti nzima, tena imepakwa rangi vizuri, kumbe sehemu ndogo ya mwisho, ambayo ndiyo inayobeba uzito wote, imekuwa unga. Sakafu iliyoanza kuzama upande mmoja, au ufa mpya pale dari inapokutana na ukuta, ni dalili zisizofaa kungojea bajeti ya mwaka ujao. Chumba chenye dalili hizo kiondolewe watu na vitu vizito, kisha aitwe mtaalamu wa majengo.

Matengenezo huanzia kwenye chanzo cha maji, wala si kwenye ukuta. Mapaa mengi yaliyokuwa bapa yalifunikwa baadaye kwa bati, na bati hukusanya mvua yote na kuimwaga mahali pamoja. Mfereji mmoja ulioziba hutosha kuulowesha ukuta wa ghorofa mbili. Choo kilichoongezwa juu, bomba linalovuja taratibu, na kijibomba cha kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani mchana kutwa, vyote vikaguliwe. Hicho cha kiyoyozi hupuuzwa mno, khasa maofisini.

Baada ya hapo, saruji ibanduliwe kwa nyundo na patasi, sehemu ndogo ndogo, pasi na kutumia mashine za kutikisa. Chumvi ipigwe brashi kavu, isioshwe, maana maji huirejesha ndani. Ukuta uachwe wazi ukauke, na msimu mzuri wa kazi hii ni kiangazi cha Januari na Februari. Ukuta mnene huenda ukahitaji miezi kadhaa. Ndipo ipigwe lipu ya chokaa, kwa kawaida kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga uliooshwa, katika matabaka ya takriban sentimita 1, kila moja likiachwa likaze kabla ya jengine, likinyunyiziwa maji na kukingwa na jua kwa siku kadhaa. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni iliyomo angani. Mafundi wengi hushawishika kutia saruji kidogo ili ikaze upesi, na kwa kufanya hivyo huirejesha ile ile maradhi iliyobanduliwa. Mwisho upakwe chokaa nyeupe, si rangi ya mafuta.

Chokaa mbichi huchemka inapotiwa maji na huunguza ngozi na macho, kwa hivyo watoto wasikaribie shimo la kuizimia.

Ni kweli kwamba kazi hii huchukua siku nyingi zaidi, na ujira wa fundi hupanda kwa kadiri hiyo. Lakini anayelipia saruji kila baada ya misimu miwili huishia kulipa zaidi. Maelezo haya hayahusu nyumba za matofali ya saruji za Ng'ambo na mashamba, ambako lipu ya saruji ni mahali pake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na matengenezo ya majengo yake huombewa kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Maofisa wanaotayarisha orodha za kazi wanaombwa wasinakili maneno "lipu ya saruji" kutoka orodha za skuli mpya. Wapangaji wa nyumba za Serikali na za Wakf, kabla ya kumlipa fundi yeyote, wamwandikie mwenye nyumba wakitaja ghorofa, ukuta unaohusika, tarehe unyevu ulipoonekana na idadi ya boriti zinazoingia katika ukuta huo, na wabaki na nakala ya barua.