Kulala Tsavo Mashariki: Jinsi ya Kulipia Kambi Bila Kupoteza Pesa za Kikundi

Likizo za Agosti na Desemba zikikaribia, vikundi vingi vya Malindi, Watamu na Kilifi huanza kuchanga pesa za kwenda kulala Tsavo Mashariki. Mbuga yenyewe si mbali: kutoka Malindi mjini hadi geti la Sala ni kilomita mia moja na kitu. Maswali huwa ni ya pesa. Nani atalipa? Atalipa wapi? Na mkifika getini mtaonyesha nini? Leo tunakuelezea hatua kwa hatua, ili mchango wa watu wanane usiishie kwenye simu ya mkora mmoja.

Chagueni kambi kwanza

KWS ina kambi za aina mbili. Kambi ya umma mnaitumia pamoja na wageni wengine, na huwa na huduma za msingi kama choo na maji. Mfano ni Ndololo, karibu na geti la Voi. Kambi maalum ni yenu peke yenu kwa siku mlizochukua, lakini haina huduma, kwa hivyo mnabeba kila kitu wenyewe. Kwa sababu ni kundi moja tu linaloingia, kambi maalum huwahiwa mapema. Pia ina ada ya kuhifadhi nafasi, juu ya ada ya kulala. Kabla ya kulipa, piga simu ofisi ya mbuga uulize kama tarehe zenu ziko wazi.

Fikirieni na geti. Kutoka Sala hadi upande wa Voi ni karibu kilomita 100 ndani ya mbuga, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Hizo ni saa mbili na nusu bila kusimama hata kuangalia ndovu. Ikifika saa kumi na mbili jioni magari hayatakiwi kuwa barabarani. Kwa hivyo kama mnalala Ndololo, ingieni Sala kabla ya saa sita mchana. Walio Kilifi mnaweza kupitia Mavueni na Kaloleni hadi Mariakani, mshike barabara ya Nairobi, kisha muingie kwa geti la Voi.

Pigeni hesabu yote, si ya kambi pekee

Bili ya mbuga ina vitu hivi:

- Kiingilio cha kila mtu. Raia, mkazi na mgeni wa nje hawalipi sawa, na watoto wana bei yao. Kama mmealika rafiki kutoka Italia, muwekeeni hesabu yake kando.
- Ada ya kulala, kwa kila mtu kwa kila usiku.
- Ada ya gari, kulingana na idadi ya viti.
- Ada ya kuhifadhi, kama ni kambi maalum.

Hapa ndipo wengi hukosea: kiingilio ni cha saa 24. Mkiingia Jumamosi saa nne asubuhi na kutoka Jumatatu saa nne, hizo ni saa 48, kwa hivyo kila mtu analipa kiingilio mara mbili.

Tuseme mko wanane na jumla, pamoja na mafuta na chakula, imefika shilingi 24,000. Kila mtu ni 3,000. Mkianza wiki nne mapema, ni 750 kwa wiki. Hiyo inabebeka kuliko kukopa siku ya mwisho.

Lipeni kwa mfumo, si kwa mtu

1. Ingia kwspay.ecitizen.go.ke kwa akaunti yako ya eCitizen. Iandike anwani hiyo mwenyewe. Usifuate linki uliyotumiwa kwenye WhatsApp.
2. Chagua mbuga, tarehe, idadi ya watu na huduma za kambi. Hakikisha kila mtu yuko kwenye kundi lake, maana getini wataomba vitambulisho.
3. Mfumo utakupa bili. Paybill ya eCitizen ni 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako.
4. Soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN.
5. Pakua tiketi na uitume kwa wenzako wawili.

Fanya haya yote ukiwa nyumbani. Ukishaacha miji nyuma kwenye barabara ya Sala, mtandao huja na kwenda, na getini si mahali pa kutafuta netiweki. Tiketi iwe kwenye simu, na nakala ya karatasi mfukoni.

Mkora utamjua hivi

Atakwambia ana nafasi ya mwisho. Atakupa bei ya chini kuliko ya KWS. Atataka "deposit" kwa namba yake binafsi, au kwa till yenye jina usilolijua. Halafu atakuharakisha. Mwambie akupe bili ya eCitizen. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, usingoje asubuhi. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja. Pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni vigumu. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN, hata akikutajia jina lako kamili.

Mhazini naye ajilinde: kila mchango ukiingia, aweke orodha kwenye kundi la WhatsApp, na akishalipa aweke risiti hapo hapo. Pesa za watu zikionekana, urafiki haugombani.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga mizigo: tangu Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani. Bebeni maji kwa mtungi, si kwa chupa za dukani. Safari njema!