Ndoo ya Nyanya na Senti Moja

Katika familia nyingi za Tanga na Morogoro neno manamba halihitaji maelezo. Manamba alitoka mbali, Kigoma au Songea, akapewa namba na kukata mkonge wa tajiri. Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, wako wavujajasho wanaofanana naye.

Katika mji mdogo wa Immokalee, jimbo la Florida, vibarua kutoka Meksiko, Guatemala na Haiti huchuma nyanya. Msimu ukiisha, wengi hufuata mavuno majimbo ya kaskazini. Sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama iliwaacha nje watu wa mashambani.

Mwaka 1993 wachache wao walianza kukutana katika chumba cha kanisa. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Muungano wa Wafanyakazi wa Immokalee. Mwaka 1996 kijana mmoja alipigwa kwa kuacha kazi ili anywe maji. Mamia waliandamana hadi nyumbani kwa msimamizi wake. Kesho yake basi la msimamizi huyo halikupata abiria.

Baadaye walitambua kwamba mwenye shamba naye hubanwa bei na makampuni makubwa yanayonunua. Basi kuanzia mwaka 2001 waliwaomba walaji waisusie migahawa ya Taco Bell, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya. Ndoo moja huchukua ratili 32, na mchumaji alilipwa senti 50 hivi. Haba na haba hujaza kibaba: kampuni ilikubali mwaka 2005, McDonald's ikafuata mwaka 2007, na Walmart mwaka 2014.

Tangu mwaka 2011, mashamba yaliyomo katika mpango huo hutakiwa kutoa kivuli na maji, na ndoo isirundikwe kupita ukingo. Mwanamke akibughudhiwa na msimamizi ana mahali pa kushtaki bila kufukuzwa. Zamani vibarua walifikishwa shambani alfajiri wakangoja umande ukauke bila malipo. Sasa saa huhesabiwa tangu wanapofika, hivyo hawaitwi mapema bure. Kwa sababu hiyo mama aweza kumnywesha mtoto chai na kumwona akienda shule.

Nawe, ndugu msomaji, unapopanga bei ya nyanya sokoni, kumbuka kwamba ndani ya bei hiyo umo ujira wa mchumaji. Uliza ni kiasi gani kinachomfikia.